Safu ya Wachanga

Saa kumi na mbili na robo, ghuba ya Lutembe haijaamka.
Ssebbowa anasukuma mtumbwi kwa mti mrefu,
mafunjo yanatukwaruza mabega,
na nyuma yetu ndege ya abiria inashuka Entebbe
ikiwa imewasha taa zote, kama mwenye wasiwasi.

Nina darubini ya kuazima, jicho lake moja lina ukungu.
Nina kidude cha kuhesabia, kinachosema tik.
Nina daftari nililolichora mistari kwa kalamu nyekundu:
Aina. Wakubwa. Wachanga. Maoni.

Shakwe wamejaa kisiwa cha matope,
midomo yote imeelekea upepo unakotoka,
kama watu kwenye foleni ya benki wasiotaka mazungumzo.
Hawa si wazaliwa wa hapa.
Wametagwa kule ambako jua la Juni halizami
na ardhi, ukichimba kiasi cha mkono, ni jiwe la maji.
Njia yao siijui. Najua tu kwamba kila Januari
wanafika na njaa, na dagaa wetu wanawapenda
kuliko sisi tunavyowapenda.

Mchanga humjui kwa sauti, unamjua kwa nguo:
madoa ya hudhurungi, kama kitambaa kilichomwagikiwa chai,
hadi mwaka wa nne ndipo kifua kitakate
na mgongo uwe mweusi.
Nahesabu. Tik. Tik.
Mia moja na tisa.
Mia mbili na kumi na tatu.
Vifua vyeupe, vyeupe, vyeupe kama shuka za wodini.
Doa sijaliona.

“Labda watoto wamechelewa,” asema Ssebbowa.
“Watoto huchelewa.”
Ana sita; anajua anachosema.

Nimesoma tu, sikuona kwa macho:
bahari ya kule siku hizi huvunja barafu yake mapema,
na dubu mweupe, aliyezoea kumvizia sili juu yake,
hubaki pwani na tumbo tupu,
akaenda kiota hadi kiota
akila mayai kama mtu anayetafuna njugu, bila hasira.
Simlaumu. Nami ningekula.

Baba yangu, Thembo, alibeba mizigo ya wapima barafu
kutoka Kilembe kwenda juu Ruwenzori:
unga, mahema, kopo la rangi.
Mwaka niliozaliwa walipaka alama kwenye mwamba
pale barafu ilipoishia.
Kiganja kimoja kiliweza kugusa vyote viwili,
rangi na baridi.
Nilipofika darasa la saba, zilikuwa hatua arobaini.
Safari ya mwisho hakuhesabu.
Alirudi, akavua buti, akamwambia mama,
“Alama ipo.”
Akaomba maji ya kunawa.
Sisi Wakonzo theluji tumeipa jina, Nzururu,
na jina lenyewe halijayeyuka;
linapanda mlima kila alfajiri
na kukuta mawe yamelowa.

Tumezunguka kisiwa mara tatu.
Nimemlipa Ssebbowa saa mbili, hii ni ya nne, hanung’uniki.
Yupo jike mmoja mwenye pete ya kijani mguuni,
mwaka wa tatu huu namwona. Tunafahamiana, upande mmoja.
Ulitaga mangapi, dada?
Akanyoosha bawa, akanya, akageukia upepo.

Bosi wangu wa Kampala hataki dashi.
Dashi, husema, ni kwamba hukutazama.
Sifuri ni kwamba ulitazama.
Naandika sifuri. Wino unakwama, naizungusha tena,
naizungusha, hadi karatasi inakaribia kutoboka.

Kwenye Maoni sina la kitaalamu.
Naandika maneno mawili ya mtu aliyevua buti.
Ssebbowa anachungulia juu ya bega langu,
anasoma taratibu, herufi kwa herufi,
maji yakidondoka kutoka kwenye mti wake:
“Alama gani?”